Mkono Katika Video ya Emilian

Mtendeni, Tabora
Jumapili, baada ya misa ya kwanza

Dada yangu mpendwa Advera,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima huko Kigoma, wewe na shemeji Lugembe na watoto wote. Mgongo wako unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema umeanza kupoa, nami nimekuombea uendelee hivyo hivyo. Raymundi mwambie shangazi zake wa huku hawajamsahau, ila mimi mama yake mdogo namdai salamu, maana tangu aanze sekondari amekuwa mtu mzito wa kupokea simu. Sisi hatujambo. Mama anakula, anasali rozari yake, na anagombana na jirani juu ya kuku kama kawaida, kwa hiyo ujue afya ipo.

Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Lakini unamjua mama. Simu yako ikiita tu anataka niweke spika, anavuta kigoda karibu, na kila ninaloulizwa mimi analijibu yeye. Haya ninayotaka kukuambia hayafai kupita masikioni mwake. Mama Leonia wa jumuiya yetu anakuja Kigoma kwa treni kumwona binti yake, nimemwomba akufikishie mkononi. Kaa mahali pa peke yako uisome, na shemeji akiuliza mwambie ni mambo ya wanawake.

Mdogo wetu Emilian alikuja kutoka Dar es Salaam mwezi uliopita. Hilo unalijua, mama alikupigia siku hiyo hiyo. Lakini hakukwambia kwamba alimwachia kitanda chake, yeye mama akalala na mimi, wala kwamba alichinja yule jogoo mwekundu ambaye mimi nilikatazwa hata kumtazama wakati wa Pasaka. Nsansa, majani makavu yale yale ya kunde, iliwekwa karanga, na viazi vikavu vya matobolwa vilitolewa kwenye kile kibuyu cha wageni. Mimi naishi na mama huyu mwaka hadi mwaka, dada. Nampeleka kliniki, namkata kucha za miguu, najua upande gani anapenda kulalia. Karanga kwenye nsansa yangu anasema ni ubadhirifu. Kama unaona nimeanza barua kwa wivu, basi umeona sawasawa, na utauona mpaka mwisho.

Alichokuja kufanya ni video. Ana wimbo mpya unaitwa Njia ya Kitete, na kwa vile mimi ndiye mhariri wa video pale studio ya Bwana Ghalibu, akaona apige kazi yote hapa nyumbani. Nilifurahi, sitakuficha. Kila siku nahariri harusi za watu na kipaimara cha watoto wa watu, nikasema leo nitaweka mkono kwenye kazi ya ndugu yangu. Halafu nikausikiliza wimbo wenyewe.

Wimbo unahusu siku ile ya mama na baiskeli. Nitakusimulia kana kwamba hukuwepo, kwa sababu nimeisikia ikisimuliwa vingine mara nyingi hata nimeanza kujishuku mwenyewe. Tulikuwa bado tunakaa Ntalikwa. Malaria ilikuwa imempanda mama kichwani, anaongea na marehemu baba kana kwamba yuko jikoni, na barabara ilikuwa tope tupu, hakuna pikipiki iliyokubali kuja. Tukamkalisha kwenye keria ya baiskeli ya baba, tukamfunga khanga kiunoni asianguke, mimi nikasukuma mpaka hospitali ya Kitete. Wewe ulikuwa mbele, Raymundi mgongoni, beseni la nguo kichwani, unatutafutia pa kupita. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa kwenye usukani na wa kulia umeshika siti, maana kichwa cha mama kilikuwa kinaanguka mbele na kilitaka kitu cha kuegemea. Aliuegemea mkono huo njia nzima, na sidhani kama alijua ni wa nani.

Emilian siku hiyo alikuwa Urambo kwa baba mdogo. Alikuja wakati mama ameshaanza kukaa kitandani na kuomba uji, na alikuja na machungwa. Machungwa hayo, dada, unayafahamu. Tangu hapo hakuna mgeni aliyewahi kukaa kwenye kiti chetu bila kusimuliwa jinsi Emilian alivyoingia wodini na machungwa. Baiskeli mama hakuwahi kuisimulia. Akiulizwa alifikaje Kitete, husema, wanangu walinipeleka, kisha anarudi kwenye machungwa.

Sasa Emilian anaimba kwamba alimsukuma mama mwenyewe, matope magotini, peke yake. Kwenye ubeti wa pili anasema dunia nzima ilimkimbia. Dunia nzima hiyo ni mimi na wewe.

Nilimuuliza. Akanijibu kwa ule upole wake unaoudhi kwamba wimbo ni sanaa, kwamba yule anayesema mimi kwenye wimbo si yeye bali ni mtoto yeyote mwenye mama. Nikamwambia basi aimbe dada yangu alimsukuma. Akacheka, akasema haiingii kwenye biti. Alijaribu hata kuiimba mbele yangu akipiga meza kwa vidole, na kusema kweli haikuingia. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba hata kwenye mapigo ya ngoma mimi sienei.

Basi wakarekodi. Mpigapicha alikuwa Shilinde wa pale pale studio, na aliyeigiza kuwa mama alikuwa Paskazia, yule anayeimba sauti ya pili kwaya ya kwetu. Walipiga Ntalikwa, kisha Emilian akataka picha za njia ya zamani ya misafara kule Kwihara, apite akisukuma baiskeli huku jua linazama, kwa sababu, alisema, damu ya wapagazi wa Kinyamwezi inatembea ndani yake. Damu hiyo siku hiyo hiyo ilishindwa kubeba ndoo ya maji kutoka bombani mpaka bafuni kwangu. Nilibeba mimi.

Kazi yangu unaijua nusu nusu, kwa hiyo nikueleze kidogo. Video ikisharekodiwa vinabaki vipande vingi, vingine vya maana na vingine vya mtu kujikwaa. Mimi nakaa kwenye kompyuta navipanga juu ya wimbo, napata video mbichi ambayo haijanyooka wala haijatiwa rangi. Hiyo tunaiita rafu. Mwenye wimbo anaitazama, analalamika, narekebisha, inakuwa rafu ya pili, na hivyo hivyo mpaka watu waridhike au wachoke.

Rafu ya kwanza niliipanga kwa hila. Emilian nilimweka kwa mbali au kwa mgongo, nikajaza barabara, miti, magurudumu ya baiskeli na Paskazia akiwa amelegea vizuri kabisa. Nilijiambia ni mtindo. Emilian aliitazama mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa unyonge, dada, mimi niko wapi? Bwana Ghalibu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha kahawa. Yeye alisema ni video nzuri sana, ila aliyeimba ni baiskeli.

Rafu ya pili nikampa uso wake alioutaka. Nilimpa wote. Nilichagua vipande ambavyo mdomo uko wazi, jicho moja limefumba, jasho linamtiririka puani, na kile ambacho baiskeli inamyumbisha mpaka Paskazia anajishika asianguke huku amebana kicheko. Niliviunganisha hivyo kwa furaha ambayo sijawahi kuipata kwenye kazi. Emilian alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Bwana Ghalibu alivuta kiti. Unamjua, ni mtu wa maneno machache, familia yao wamefanya biashara mji huu tangu enzi za babu zao na wamezoea kumsoma mteja kabla hajafungua mdomo. Aliniambia, binti yangu, unamhariri mdogo wako kama mtu aliyekukosea. Akaongeza kwamba kama ni hivyo niseme, atampa kazi hiyo Shilinde.

Dada, ningeiacha hapo. Mtu mwenye busara angeiacha. Lakini nilipofikiria Shilinde akiipanga siku yangu ile, yeye ambaye hata Ntalikwa alikuja kwa kurekodi tu, nikaona wivu wa aina nyingine. Nikasema hapana, naifanya mwenyewe na naifanya vizuri.

Rafu ya tatu ilikuwa safi. Nilifuta utani wote. Emilian alifurahi akanishika bega, na mimi nikajifanya sikuona. Bwana Ghalibu ndiye hakuridhika. Alisema kila kitu kipo lakini yeye haamini. Alirudisha nyuma, akaitazama tena, akasema kijana huyu anasukuma baiskeli ya kwenda dukani. Nilijua mara moja anaona nini. Emilian kashika usukani kwa mikono yote miwili, kifua mbele, kama mtu anayepigwa picha, na kweli alikuwa anapigwa picha. Hakuna mkono uliobaki kwa ajili ya mgonjwa.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo sijamwambia mtu. Asubuhi Emilian akiwa bado amelala kwenye kitanda cha mama, nilichukua shati lake lile la bluu la kwenye video. Nikapita kwa Paskazia, nikamwambia kuna kipande kimoja kimeharibika, nikaazima kamera ya studio, tukaenda naye Ntalikwa na baiskeli. Yeye alikaa kwenye keria. Mimi nikavaa shati, nikamfunga Paskazia kamera begani kwa mpira, nikashika usukani kwa kushoto na siti kwa kulia, nikasukuma. Kinachoonekana ni mkono tu, kuanzia kifundo cha mkono, umeng'ang'ania siti, mishipa imetoka, na ukingo wa khanga ya mgonjwa unaugusa. Niliupaka tope. Nilisukuma kuliko ilivyohitajika, na Paskazia akaniuliza kama tunaenda Kitete kweli.

Kwa nini nilifanya hivyo sijui vizuri hata sasa. Nusu yangu ilitaka nami niwemo ndani ya video hiyo, hata kama ni kwa kiganja. Nusu nyingine ilitaka Emilian auone, aone haya, kwa sababu yeye anajua alichorekodi na asichorekodi. Nilikiweka kipande hicho kwenye ubeti wa pili, pale anapoimba kwamba dunia ilimkimbia, nikakipunguza mwendo kidogo. Hiyo ndiyo rafu ya nne. Bwana Ghalibu alipoiona alitazama vidole vyangu kwenye kibodi, akasema sasa naamini. Emilian naye aliiona. Alijikuna shingo, akasema Shilinde ana jicho zuri, na akaomba tumwonyeshe mama kabla hajaondoka.

Tulimwonyesha mama sebuleni, kwenye kompyuta yangu ndogo, mchana baada ya chakula. Emilian alikaa naye kwenye kochi, mimi nilikaa nyuma yao kwenye kiti cha plastiki ili nibonyeze pale pa kuanzia. Mwanzo alikuwa anatania tu, anamsema Paskazia kwamba yeye mama hajawahi kuwa mnene hivyo. Ulipofika ubeti wa pili, mkono ukatokea, akaacha kucheka. Akasema simamisha. Nikasimamisha. Akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Kisha akasema, pole pole sana, kwamba mkono huu anaujua. Alisema siku ile hakuona njia, hakuona mvua, hakujua kama ni mchana au usiku, lakini mbele ya uso wake kulikuwa na mkono umeshika siti na yeye aliulalia, na miaka yote hii amekuwa akiuona usingizini na hakuthubutu kuuliza ni wa nani, alifikiri ni malaika au ni marehemu baba.

Halafu akamgeukia Emilian. Akamwambia, kumbe ni wewe, baba.

Emilian alinitazama. Mara moja tu, dada, juu ya bega la mama. Nilimwona anataka kusema, nakuapia, mdomo ulifunguka. Lakini mama alikuwa ameshamshika kichwa kwa mikono miwili, analia, anamshukuru, wabeja, wabeja, na kumbariki kwa majina ya bibi zetu wote mmoja mmoja. Emilian akakiinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nyuma yao na mkono wangu uko mapajani. Ningeweza kusema sentensi moja. Sikuisema, nikainuka nikaenda kuosha vyombo, na hakuna aliyeniuliza nimekwenda wapi.

Jioni Emilian alinifuata jikoni. Alisema tukitoe kipande kile, kinamtia hofu. Nikamwambia akitoe yeye kama anajua kuhariri. Akasema basi nimwambie mama. Nikamwambia aliyepewa baraka ndiye mwenye kuzirudisha. Akaokota sufuria akaanza kulikausha kwa kitambaa, kitu ambacho hajawahi kukifanya tangu azaliwe, kisha kesho yake akaondoka na basi. Hajamwambia. Video ameitoa wiki iliyopita na mkono umo.

Mama sasa ana kazi mpya. Kila akinywa chai ananiambia nimwekee ule mkono. Namwekea. Anautazama, anasema ona Emilian alivyokuwa na nguvu mtoto yule, ona anavyojali, na mimi ndiye ninayemshikia kompyuta. Kisha akaniagiza nimchapishie picha ya mkono huo. Nikamchapishia, Bwana Ghalibu akaitia fremu nzuri ya mbao bila kuuliza kitu. Ipo ukutani, chini ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Wanajumuiya walipokuja kusali Alhamisi waliambiwa wote ni mkono wa nani, na machungwa hayakutajwa kabisa. Yamestaafu. Paskazia alikuwepo. Aliitazama fremu, akanitazama mimi, akaanzisha wimbo.

Nilipoanza kuandika barua hii nilitaka kukuomba jambo moja jepesi, kwamba ukija Krismasi umwambie mama ukweli. Nikisema mimi itaonekana ni wivu, na itakuwa ni wivu kweli. Wewe ulikuwepo, ukisema wewe ni habari ya siku ile tu, na mama anakuheshimu. Lakini kuna kitu kimekuwa kikinizuia kalamu tangu asubuhi, na nimeona nikimaliza barua bila kukiandika nitakuwa nimekudanganya.

Si kwamba nilinyamaza pale sebuleni kwa uungwana, dada, usinipe sifa hiyo. Wala si kwa kumwonea Emilian huruma. Nilinyamaza kwa sababu uso wa mama nilikuwa nauona kwenye kioo cha kompyuta, unang'aa kuliko nilivyowahi kuuona ukinitazama mimi, na niliogopa. Niliogopa kwamba nikisema ni mkono wangu, uso ule utashuka. Kwamba ataniambia ahsante mwanangu, vizuri kabisa, kama anavyoniambia nikimletea dawa zake, na baada ya wiki mbili fremu itatoka ukutani. Miaka yote hii amemwota malaika. Naogopa kumwona akigundua kwamba alikuwa ni mimi tu.

Kwa hiyo mwambie, lakini nisiwepo. Chagua siku niko studio. Mwambie taratibu, mkiwa mnachambua mboga, kama jambo lililopita tu kichwani mwako. Mtazame vizuri wakati unamwambia. Kisha jioni nikirudi nisindikize mpaka dukani, uniambie uso wake ulikuwaje. Na kama ulishuka, dada Advera, wewe ni mkubwa wangu, tafuta neno jingine uniambie.

Nimemaliza. Msalimie sana shemeji Lugembe, mwambie ule mkeka wake bado nimeutunza. Wabusu watoto wote, na Raymundi mwambie alikuwa mgongoni siku ile lakini hatutamwita shahidi, alilala njia nzima. Mama anakusalimu, hajui kama nakuandikia, lakini kila siku anakusalimu. Mungu akulinde mgongo na safari ya Krismasi.

Mdogo wako akupendaye,
Levina